Nimemnakili binti wa Vermeer, sura ya babu bado imenishinda

SWALI

Mwalimu, salamu kutoka Umoja, Nairobi.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Ukipita mtaani kwetu ukaona vichwa vimechorwa kwenye ukuta wa kinyozi, mmoja kanyolewa panki, mwingine kipara kinang'aa, huenda ni mkono wangu. Kazi nilifundishwa na kaka mmoja wa Kayole: unapiga miraba juu ya picha, unapiga miraba ukutani, kisha unahamisha mraba kwa mraba. Rangi ni ile ya mafuta ya kupaka milango, naizimua kwa tapentaini. Wateja hawajalalamika.

Mwaka huu nimetaka kusonga mbele, nichore sura za watu kwenye kitambaa. Mjomba ameniomba nimchoree babu, aliyetutoka, atundikwe sebuleni. Picha zilizopo ni mbili, ya kitambulisho na ya programu ya mazishi, na hiyo ya pili ni ileile ya kitambulisho iliyokuzwa. Nilijaribu. Nilichopata ni kitambulisho kikubwa.

Mtu akanishauri nijifunze kwa kunakili kazi za mabingwa wa zamani. Nikamchagua yule Msichana Mwenye Hereni ya Lulu wa Johannes Vermeer, mchoraji Mholanzi. Nikamtoa kwenye simu, nikamchapisha saiba, nikapiga miraba. Vipimo viko sawa, nimevikagua kwa rula. Lakini uso umekuwa kama sanamu ya plasta, upande mmoja chaki, upande mwingine kama kapakwa masizi. Pua inaonekana imebandikwa.

Nisaidie. Nimekosea wapi? Na hata nikifaulu, binti mweupe wa Uholanzi atanifaa nini kwa babu yangu aliyekuwa mweusi tii? Halafu kuna mzee mmoja mchoraji aliyenikuta ninanakili akatikisa kichwa, akasema mchoraji Elimo Njau alifundisha kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi, na mimi ni mwizi tu kama wengine. Tena mama mwenye saloni hapa chini anataka kuinunua nakala hiyohiyo, na chaki yake, eti inapendeza. Nimuuzie au nitashikwa?

Fundi wa Mabango, Umoja

JIBU

Fundi, tuanze na pua, maana ugonjwa wote umo humo.

Fungua picha ya Vermeer kwenye simu, uikuze mpaka pua ijaze kioo. Sasa tafuta mstari unaotenganisha mgongo wa pua na shavu la mbali, lile lililo kushoto kwako. Haupo. Vermeer hakuuchora. Mgongo wa pua na shavu lililo nyuma yake vinapigwa na mwanga uleule, kwa hiyo aliviacha viyeyukiane, na jicho la mtazamaji ndilo linalomalizia pua. Wewe umeweka mstari kwa sababu unajua kwamba pua ina ukingo. Kwenye ukuta wa kinyozi ulikuwa sahihi kuuweka, maana mtu anaiona kazi yako kutoka dirishani mwa matatu inayokimbia, na bila mstari kichwa kinapotea. Kwenye kitambaa cha sebuleni, mstari huohuo ndio uliobandika pua.

Ukiwa bado umekuza, shuka mpaka kwenye hereni. Utakuta mguso mmoja mzito wa nyeupe upande wa juu, na chini yake ung'avu hafifu, ambao ni kola nyeupe inayojiakisi. Basi. Hakuna duara lililozungushwa, wala ndoano ya kuishikisha sikioni. Na kila anayeitazama anaapa kwamba ameona lulu.

Miraba yako haiwezi kukuonyesha mambo haya. Inakuambia kitu kiko wapi. Haikuambii kama ukingo wake ni mkali au umelegea, wala sehemu hii imezidi ile giza kwa kiasi gani. Na kuchora sura ni hizo kazi mbili hasa. Wewe ulipewa vipimo bila kuvitafuta, jicho lako likabaki limekaa tu. Nakala inayofuata ichore kwa jicho kwanza, na makosa yake yote, halafu piga miraba kwenye karatasi ya plastiki inayoona, uilaze juu ya mchoro, ukague. Utagundua kosa lako ni lilelile kila mara. Wengi tunayaweka macho juu mno, tunamnyang'anya mtu nusu ya paji lake.

Kuhusu chaki: kila ulipoona mwanga uliongeza nyeupe, kila ulipoona kivuli uliongeza nyeusi. Nyeupe ikizidi, ngozi inapoa na kufa. Nyeusi tupu inatoboa shimo. Kivuli cha uso wa yule binti kina kahawia yenye joto ndani yake, na kukijua hicho kungekufaa kuliko vipimo vyote vya rula. Bila shaka na usuli umeupaka nyeusi ya lami. Mwaka 2018 watafiti wa jumba la Mauritshuis kule Den Haag, inakokaa picha hiyo, waliichunguza kwa mitambo, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2020 yanaonyesha kwamba nyuma yake palikuwa na pazia la kijani ambalo rangi yake imechakaa kwa miaka. Walikuta hata kope ndogondogo ambazo macho yetu hayazioni tena. Kwa hiyo ule weusi ulioutolea jasho si wa Vermeer, ni wa uzee.

Kuna jambo jingine hukuambiwa ulipoichagua picha hiyo. Yule binti hatambuliki kuwa ni nani. Wachoraji wa Uholanzi wa zama zile, naye Vermeer alichora hii mnamo 1665, walikuwa na desturi ya kuchora vichwa kwa ajili ya mwanga, mavazi na hisia ya uso, bila kudai kwamba ni picha ya fulani. Hakuna aliyesimama mbele yake akasema, "Huyu hafanani." Wewe kwa babu yako utasimamiwa na ukoo mzima.

Ndiyo maana ninakushauri umpumzishe binti, umchukue Juan de Pareja.

Diego Velázquez, mchoraji Mhispania, alimchora mjini Roma mwaka 1650. Pareja alikuwa mtu mwenye asili ya Afrika, na wakati huo alikuwa mtumwa wa Velázquez, akimsaidia kazi karakanani. Mwandishi Mhispania Antonio Palomino alisimulia baadaye kwamba Pareja mwenyewe alitumwa kuipeleka picha kwa marafiki wa bwana wake waione, na wao wakawa wanatazama picha, wanamtazama mtu, hawajui waongee na yupi. Mwaka huohuo Velázquez alitia sahihi hati ya kumwachia huru, kwa sharti la kutumika miaka minne zaidi. Pareja akaja kuwa mchoraji kwa jina lake. Picha yake kubwa ya 1661, Mathayo akiitwa na Yesu, iko kwenye jumba la Prado mjini Madrid, naye amejiweka humo, amesimama ukingoni kushoto na karatasi yenye jina lake mkononi. Sikusimulii haya kwa kupamba. Utakuwa na uso huu kwa wiki kadhaa, ni vizuri ujue unamtazama nani.

Picha iko Metropolitan Museum, New York, na tangu 2017 jumba hilo linaruhusu mtu yeyote kupakua na kutumia bure picha kubwa za kazi zake zilizokwisha muda wa hakimiliki. Hiyo ndiyo upakue, si ile uliyoikuta imezungushwa na kubanwa kwenye WhatsApp. Ichapishe mara mbili, moja ya rangi na moja nyeusi na nyeupe. Rangi za mashine ya saiba hazina adabu, kwa hiyo mambo ya giza na mwanga yaulize ile nyeusi na nyeupe, na rangi ziulize simu.

Sasa fanya jaribio hili kabla hujagusa brashi. Kata kadi, itoboe matundu mawili kwa ncha ya penseli. Tundu moja liweke juu ya sehemu inayong'aa zaidi kwenye paji la Pareja, jingine juu ya kola yake nyeupe. Ukitazama kupitia matundu tu, ule "mweupe" wa paji utaona ni kahawia, tena kahawia ya wastani. Unawaka kwa sababu umezungukwa na giza zaidi. Hapa ndipo wachoraji wetu wengi wanapowaharibu watu weusi: wanadhani ngozi nyeusi ni kahawia moja iliyochafuliwa kwa nyeusi kwenye kivuli na kunyunyiziwa nyeupe kwenye mwanga. Ngozi nyeusi inapokea rangi za mahali ilipo. Paji linaloelekea angani huchukua ubaridi wa samawati. Chini ya kidevu, kama mtu kakaa juu ya udongo mwekundu, hupanda joto. Shavu lililo karibu na ukuta wa kijani wa saloni litakuwa na kijani, upende usipende.

Hayo yote unaweza kuyapata kwa tyubu nne: oka ya manjano, nyekundu moja nzuri, nyeusi ya mfupa na nyeupe. Unauliza samawati iko wapi? Changanya nyeusi na nyeupe, weka kijivu hicho kando ya kahawia yenye wekundu, utaiona. Ila nyeusi peke yake isiguse ngozi, hata kwenye kivuli kizito kabisa. Anza na kahawia ya kati iliyo sehemu kubwa ya uso, panda kidogo kuelekea mwanga, shuka zaidi kuelekea kivuli, na miguso ya mwisho inayong'aa iwe ya kuhesabika. Zoezi la kwanza lisiwe hata la rangi: kahawia na nyeupe basi, viwango vitatu vya giza, kichwa peke yake. Koti lake la kijivu na vazi linalopita begani viache kwanza, japo vinatamanisha. Kunja macho mpaka vitu vidogo vipotee. Kama bado unaona kope, hujayakunja.

Rangi ya milango iache milangoni. Imetengenezwa ijilaze yenyewe na kufuta alama za brashi, na wewe kwenye uso unazitaka alama hizo. Halafu inaganda juu upesi kabla hujapata nafasi ya kulegeza ukingo. Kitambaa usikihangaikie, amerikani ya kawaida inatosha, ivute kwenye fremu ya mbao na uipake gundi au tabaka la akriliki nyeupe kwanza, kwa sababu mafuta yakigusa pamba bila kinga huiozesha polepole. Akriliki ikae chini na mafuta juu. Ukigeuza, itakuja kubanduka. Na usianze juu ya weupe mtupu. Paka kwanza kahawia ya kijivu, iache ikauke. Juu ya kitambaa cheupe kila rangi inaonekana giza, nawe unazidi kuipausha kwa hofu. Naamini nusu ya chaki yako imetoka hapo.

Simu ina udhaifu mmoja ambao hakuna picha kubwa itakayouponya: haikuonyeshi unene wa rangi. Kwa hilo panda gari uende mjini. Nairobi Gallery, kwenye lile jengo la zamani la ofisi ya mkuu wa mkoa karibu na Nyayo House, kuna sehemu ya mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Makumbusho ya Taifa, kule Museum Hill, yanahifadhi picha za watu wa makabila ya Kenya alizochora Joy Adamson, kazi aliyoagizwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa maoni yangu Joy alizitazama shanga kuliko macho, na utajifunza hata kwa kubishana naye. Popote utakaposimama mbele ya picha ya rangi, itazame pia kwa ubavu, mwanga ukipita juu yake. Utaona wapi mchoraji aliweka rangi nzito na wapi aliipangusa mpaka kitambaa kikachungulia.

Mzee aliyekutikisia kichwa hakusema uongo. Maneno yale ni ya Elimo Njau kweli, na Paa ya Paa, kituo cha sanaa alichokianzisha na wenzake mwaka 1965, yamekuwa kama katiba. Lakini twende Murang'a tukamwone Elimo mwenyewe kazini. Mwaka 1959 alimaliza kuchora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Kianglikana kule. Kuzaliwa, kubatizwa, karamu ya mwisho, msalaba: hakuna tukio hata moja kati ya hayo ambalo halikuwa limechorwa Ulaya kwa karne nyingi, na mpangilio wake unajulikana. Elimo akayachukua, akayaweka kwenye mandhari ya Murang'a, na Yesu wake ni Mwafrika. Huyo si mtu anayekataza kujifunza kwa waliotangulia. Mimi namwelewa kwamba ugomvi wake ni na yule anayerudia kazi ya mwenziwe kisha anaita kazi yake, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu watalii wananunua.

Tena kunakili si aibu ya wanafunzi. Rubens alikuwa mtu mzima, bingwa wa mji wake, alipokwenda Uhispania mwaka 1628 na kukaa akinakili picha za Tiziano, bingwa wa Italia aliyemtangulia. Van Gogh, akiwa mgonjwa huko Saint-Rémy kati ya 1889 na 1890, alinakili michoro ya wakulima ya Mfaransa Millet kutoka kwenye karatasi zilizochapwa, nyeusi na nyeupe, rangi akatia za kwake. Alikuwa mbali na makumbusho kama wewe wa Umoja, naye hakusubiri apate nauli. Kwa hiyo mzee mwamkie, mshukuru, na mara nyingine mwonyeshe mchoro wa mtu aliye hai uliouchora wiki ileile uliyonakili. Hilo ndilo sharti langu kwako: kila nakala iende sambamba na uso wa mtu anayepumua, jirani, mke wa jirani, kinyozi akisubiri wateja. Nakala bila hicho, hapo mzee yuko sahihi.

Mama wa saloni muuzie. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda mchoro kwa uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake, na Vermeer alikufa 1675. Nyuma ya kitambaa andika kwamba ni nakala ya Vermeer, weka jina lako na mwaka. Sahihi yake usiiandike. Louvre huruhusu wachoraji kuingia na kunakili, na sharti lao ni hilohilo, tena nakala isiwe na ukubwa sawa na picha yenyewe. Ila kazi ya msanii wa hapa uliyoiona mtandaoni usiinakili ukauza, hiyo ina mwenyewe, na yuko hai, na pengine anakaa Donholm. Hata wale wachezaji wa mpira unaowachora kwa vinyozi, picha zao zilipigwa na mtu. Sitakuuliza zaidi.

Nakuja kwa babu.

Picha ya kitambulisho imepigwa kwa mwanga wa mbele. Mwanga wa mbele unafuta vivuli, na bila vivuli hakuna pua, hakuna tundu la jicho, kuna ramani tu. Ukiinakili ilivyo, hata Velázquez angekupa kitambulisho kikubwa. Kivuli kinachokosekana itabidi ukitafute kwingine, na kiko karibu: mjomba wako ni mtoto wa yule mzee. Mwite. Mkalishe kwenye kiti karibu na mlango ulio wazi, taa za ndani zizimwe, mwanga umpige upande mmoja, mabega yageuke kidogo na macho yakurudie, kama Pareja alivyokaa. Mchore yeye kwanza, kwa kahawia na nyeupe, mara mbili tatu, mpaka uelewe kivuli cha ukoo huo kinaangukaje kutoka kwenye nyusi hadi kwenye shavu.

Ndipo urudi kwenye kitambulisho kuchukua yale ya babu peke yake: nywele zilikoishia, masikio, umbali wa pua na mdomo. Yale ambayo kitambulisho hakina, kamuulize nyanya kama yupo, au mama yako. Alikuwa akikunja jicho moja akisikiliza? Kofia aliivalia mbele au nyuma? Watu hukumbuka mambo hayo vizuri kuliko rangi ya macho.

Waonyeshe kazi ikiwa bado ya kahawia, kabla hujatia rangi. Shangazi mmoja atasema, "Mdomo si huu," na hataweza kueleza kwa nini. Usibishane naye. Futa kwa kitambaa chenye tapentaini, chora tena mbele yake, uendelee mpaka anyamaze. Rangi ikishaingia, kila mtu ataona haya kukukosoa sebuleni, atakuja kukusema jikoni.

Na kwa kuwa ni mjomba, chukua arabuni kabla hujanunua hata tyubu moja.